Koti Halihesabiwi

Ghalani, 14 Januari

Mdogo wangu Sajenti,

Nimefika salama, na mafaili yamefika salama kuliko mimi. Masanduku elfu tatu mia mbili na kumi na saba. Nimeyahesabu yakishuka kwenye malori, hakuna hata moja lililolowa. Niliyelowa ni mimi. Ghala lenyewe lilikuwa la mbegu za pamba, paa lake lina matundu matatu na tayari nimeyapa namba.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua kama mtu wa zamani. Simu huku inashika ukiwa juu ya tangi la maji, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Yako nayo inashinda kutwa kwenye kabati la walinzi getini. Basi mfuko wa ofisi unatutosha. Dereva anapita Jumatatu na Alhamisi, mfuko una lakiri, na ndani ya lakiri kuna maneno yangu. Serikali inatusafirishia umbea.

Sasa sikiliza. Wewe ni msimamizi wa ukarabati wa jengo zima na mimi ni karani wa masijala tu, lakini hata karani ana haja zake. Nimekubali kulinda mafaili huku mwaka mmoja, mpaka mmalize. Mwaka mmoja, si siku moja zaidi. Wifi yako macho yake yanazidi kufifia. Nyumba ile anaijua kwa mikono: hatua tisa mpaka jikoni, ndoo kushoto, ufunguo kwenye msumari. Mchana anajimudu, mradi jioni nirudi. Huku siwezi kumleta. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sembuse kuku asiyeona. Amekubali kunisubiri, na wewe umekubali kumtia dawa kila Jumapili, Mungu akulipe.

Mkirudisha watu, nataka chumba changu kilekile, namba kumi na nne, ghorofa ya pili. Bawaba ya dirisha imelegea, upepo ukivuma linapiga kelele. Litengenezeni. Sitaki kingine.

Nasikia mwaka jana mlipita vyumbani mkihesabu viti. Mimi hata sikukuona. Au uliona haya kunisalimia?

Kaka yako,
Mzee Vumbi

*

Eneo la kazi, 27 Januari

Kaka,

Barua yako imenichekesha mpaka mlinzi wangu akaniuliza kuna nini. Ndiyo, nina mlinzi. Kila mafundi watano wana mlinzi mmoja, na mimi nina wa peke yangu, ananifuata mpaka mlango wa choo. Asubuhi nasaini ramani, jioni nazirudisha zikiwa zimehesabiwa, na hakuna anayeruhusiwa kuona ramani ya chumba ambacho si chake. Fundi umeme hajui bomba limepita wapi, fundi bomba hajui waya umepita wapi, halafu tunashangaa kwa nini wanatoboleana kazi. Wakubwa wa ghorofa ya sita wamekataa kuhama. Wanataka jengo jipya ila hawataki kelele, kwa hiyo drili inalia kabla ya saa mbili na wakati wao wa chakula tu. Nina mafundi tisini wanaosubiri mtu mmoja ashibe.

Hesabu ya viti ilifanyika, kweli. Siku kumi za kazi, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, bila kutangaza. Aliyekaa kitini anaandikiwa moja, kiti kitupu kinaandikiwa sifuri. Mtu akipata chini ya kumi katika ishirini, jengo jipya halimpangii kiti. Hakuna njia nyingine, Kaka. Kila idara inadai inajaa, na ukipita unakuta makoti. Unaujua mchezo: koti linatundikwa kwenye kiti asubuhi, mwenyewe yuko kwenye shughuli zake, na ukiuliza unaambiwa "yupo, ametoka kidogo, si unaliona koti lake?" Nikawaambia wahesabu wangu: koti halihesabiwi. Wakubwa wameipenda kauli hiyo, sasa wanaitumia kwenye vikao kana kwamba ni yao.

Wifi hajambo. Jumapili alinipikia mwenyewe, akanikataza nisiguse sufuria. Matone ameyapokea bila kulalamika.

Dirisha lako limeshughulikiwa. Halitapiga kelele tena.

Mdogo wako,
Sajenti

*

Ghalani, 11 Februari

Sajenti wangu,

Koti halihesabiwi! Nimemsomea dereva, akacheka mpaka akakaa chini. Bora umewaweza. Jirani yangu wa chumba cha kumi na tano, yule tuliyemwita Bwana Koti, alikuwa na mawili: la mvua na la jua. Miaka kumi nimefanya kazi karibu na koti. Naona mwaka huu litakosa pa kukaa, maskini.

Mimi ninalo moja tu, unalijua, la siku uliyohitimu uinjinia. Halijawahi kukaa kwenye kiti bila mimi ndani yake. Mama alikuwa akisema mtu anayejiona anatosha haachi nguo imwakilishe.

Mafaili nimeyapanga mpaka mwaka wa kumi na mbili. Nafanya kazi peke yangu na naongea peke yangu, na mpaka sasa hatujagombana. Niambie, zile ramani za zamani zilikusaidia? Usione nauliza. Nilikaa kule stoo ya chini ya ardhi karibu wiki mbili nikikuchimbulia, masanduku hayana lebo, taa moja, na lile vumbi bado nakohoa nalo. Uliponiomba ile Jumapili mezani kwangu, kimyakimya, kwa kuwa kuomba kwa barua kungechukua miezi sita, nilijisemea: huyu mtoto tangu zamani akitaka kitu hapangi foleni.

Nimefurahi kuhusu dirisha. Rafu nazo ziwe pana kidogo, madaftari ya zamani ni makubwa. Kulabu moja nyuma ya mlango. Basi.

Kaka yako,
Mzee Vumbi

*

Eneo la kazi, 2 Machi

Kaka,

Zilisaidia? Ziliniokoa. Wiki iliyopita tulikuwa tuanze kuvunja ukuta wa ngazi za mashariki. Ramani tunazogawiwa zinaonyesha ukuta mtupu. Za kwako zinaonyesha bomba kuu la majitaka la ghorofa zote sita, limezikwa ndani. Nikasimamisha kazi. Tukatoboa kitundu cha kidole, na kweli, lipo, limeoza kama jino. Tungelivunja, Kaka, uchafu wa wakubwa ungeshuka mpaka getini, na mimi ningeshuka nao. Katibu mwenyewe amenipa mkono mbele ya kikao. Akasema, "Ulijuaje?" Nikasema uzoefu.

Sikuweza kulitaja jina lako. Zile ramani zilitolewa bila kibali, na wewe unazijua sheria za masijala kuliko mimi. Tungeanguka sote wawili. Lakini ujue moyoni mwangu ulikuwepo pale kikaoni.

Wifi anasema ameota umerudi ukiwa umenenepa. Anauliza kama atashona pazia la ofisini kwako, lile la zamani amelifanya matambara. Nimemwambia asishone kwanza. Dirisha si lile alilolipima.

Sajenti

*

Ghalani, 25 Machi

Sajenti,

Kumbe ni siri! Ndiyo maana barua yako ilikuwa fupi. Wifi yako kaniandikishia barua kwa mkono wa jirani, anasema: "Wifi anaficha, lakini nadhani wamekupanulia dirisha." Basi nami nikamjibu asishone kwa kipimo cha zamani, ashone pana zaidi, upana wa mikono yake miwili ikinyooshwa. Amenunua kitambaa cha buluu, kizito, kinachozuia jua la alasiri. Anashona kwa kupapasa, anajichoma sindano, anacheka. Jirani anasema tangu niondoke hajamwona na furaha namna hiyo.

Usiniambie kitu. Nitaona mwenyewe nikirudi.

Na hukukosea kutonitaja. Mimi sikufanya ili nitajwe. Ukipewa mkono wewe, nimepewa mimi. Ulipokuwa ukijifunza kuandika ulikaa upande wa pili wa meza, ukaniiga kinyumenyume, na mpaka leo sifuri zako zinaanzia chini na mkia umebaki chini. Mwalimu alitaka kukunyoosha, nikamwomba akuache. Nilipenda kuona kitu changu ndani ya mwandiko wako.

Kaka yako,
Mzee Vumbi

*

Eneo la kazi, 14 Aprili

Kaka,

Nimeandika barua tatu nikazichana. Nilikula kiapo cha kutotoa habari za mipango ya jengo kabla ya idhini, na kiapo hicho kina jina langu na dole gumba langu. Wewe ni mtu wa siri, utanielewa.

Mwambie wifi asimalizie pazia. Nilijaribu kumwambia Jumapili, akanishika mkono akausogeza kwenye upindo ili nione alivyounyoosha. Nikasema ni mzuri.

Sajenti

*

OFISI YA MSIMAMIZI WA UKARABATI
Kumb. Na. UK/VT/2/14
5 Mei

Karani Mkuu wa Masijala,
Ghala la Muda la Kumbukumbu.

YAH: MGAWO WA VITI, GHOROFA YA PILI

Rejea somo tajwa hapo juu.

2. Kufuatia hesabu ya matumizi ya nafasi iliyofanyika mwaka jana, kiti chako kilipata alama mbili kati ya ishirini. Kwa mujibu wa utaratibu, hukupangiwa nafasi katika jengo lililokarabatiwa. Chumba namba 14 kimebadilishwa matumizi kuwa chumba cha betri za umeme wa dharura.

3. Kamati imeamua kuwa ghala ulipo sasa litakuwa masijala ya kudumu, nawe utaendelea kuisimamia hapo hadi utakapostaafu.

4. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako.

Msimamizi wa Ukarabati

*

Nyumbani, 5 Mei

Kaka yangu,

Utazipata mbili katika mfuko mmoja. Ile nyingine iliandikwa na ofisi, hii nimeiandika mimi. Anza na hii, nakuomba.

Nilijua tangu Novemba. Nilikuwa nikisoma barua zako na kuona madirisha na rafu na kulabu, na mezani kwangu ramani ya chumba chako ina betri arobaini na nane na dirisha lililozibwa kwa tofali. Sikusema uongo kuhusu kelele. Nimejichukia kwa sentensi ile kuliko kwa kitu chochote nilichowahi kuandika.

Si mimi niliyeamua. Wahesabu walileta karatasi, karatasi zikajumlishwa, kamati ikapiga mstari chini ya kumi. Watu sitini na wawili wako chini ya mstari. Ningekunyanyua wewe, ningewajibu nini wale sitini na mmoja waliobaki? Wangesema damu. Wangesema yule aliyekataa makoti ya wenzake amelikubali la kaka yake.

Kuhusu wifi, nitaendelea kwenda. Nitakwenda hata kila siku.

Mdogo wako

*

Ghalani, 19 Mei

Mdogo wangu,

Nilianza na ile ya ofisi. Mazoea ya kazi: yenye namba hufunguliwa kwanza.

Nimekaa nayo siku nne kabla ya kujibu. Usilie. Kamati ni kamati, na wewe ni mtu mmoja mezani. Ningekuwa mimi, sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kumwandikia ndugu yangu siku hiyohiyo. Nimeumia, sikufichi, ila sijaumia na wewe. Wifi yako nilimpigia, nilipanda tangi, nikashushwa na dereva. Aliuliza tu: "Sasa hili pazia?"

Nina swali moja tu. Alama mbili kati ya ishirini. Miaka ishirini na tisa sijawahi kupiga chenga hata siku ya msiba wa mama, nilikwenda kuaga ofisini kwanza. Aliyehesabu ghorofa ya pili ni nani? Sitaki kumgombeza. Nataka tu kumwandikia, nimwambie kwamba nilikuwa kazini. Aijue hiyo. Asiishi akidhani Mzee Vumbi alikuwa mtu wa koti.

Kaka yako

*

Eneo la kazi, 1 Juni

Kaka,

Mhesabu wa ghorofa yako alikuwa kibarua wa muda. Mkataba wake uliisha, ameondoka, na anwani yake hatuna. Usijisumbue naye. Alifuata maelekezo.

Kazi zinaenda. Ghorofa ya pili tumepaka rangi, lifti zimekubaliwa, na ghorofa ya sita wameanza kulalamika kuwa chini kuzuri kuliko kwao. Kuna habari moja ya kiofisi: awamu ya kwanza imefungwa, kwa hiyo kumbukumbu zake zote zinakuja kwako kutunzwa. Masanduku kumi na manne. Karani wangu amezifunga. Ukipata nafasi uzipange, hazina haraka.

Nimempelekea wifi redio.

Sajenti

*

Ghalani, 22 Juni

Kwa Msimamizi wa Ukarabati,

Masanduku kumi na manne yamepokelewa. Yamepangwa. Naomba kutoa taarifa kuhusu sanduku la tisa.

Ndani yake nimekuta karatasi za hesabu ya viti, ghorofa ya pili, kuanzia Jumatatu 22 Septemba hadi Ijumaa 3 Oktoba. Nilitaka kuzipita, wallahi, nilishika lebo mkononi. Halafu nikaziona sifuri. Chumba namba 14: sifuri kumi na nane zilizopangwa chini kwa chini, na kila moja imeanzia chini, na mkia umebaki chini.

Sina haja ya kuuliza anwani ya kibarua.

Unajua kazi yangu ni nini? Watu wanadhani ni vumbi. Kazi yangu ni kuchukua karatasi mbili ambazo hazijawahi kukutana na kuzilaza meza moja. Huku ninalo pia daftari la funguo za jengo. Nimelilaza kando ya karatasi yako. Jumatatu 22 Septemba, ufunguo wa stoo ya chini umechukuliwa saa mbili na nusu, umerudishwa saa kumi, saini yangu. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Wiki ya pili vivyo hivyo mpaka Alhamisi. Siku tisa, sifuri kumi na nane. Ijumaa ya mwisho sikuchukua ufunguo, maana ramani zako nilikuwa nimeshazipata na kukukabidhi. Siku hiyo nilikaa kitini. Siku hiyo umenipa moja, na moja. Ulikuwa mwaminifu mpaka mwisho.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakusema lolote kuhusu aliyetumwa.

Nimetafuta siku moja zaidi, kwenye kalenda ya ukutani. Jumapili 28 Septemba, katikati kabisa ya hesabu yako. Ulikuja kwangu. Ulikula, ukaongeza, ukamtania wifi yako. Ukaniuliza, "Kaka, zile ramani vipi, huwezi kuharakisha?" Ulikuwa tayari na sifuri zangu kumi kwenye mkoba uliouning'iniza kwenye kiti changu. Ungesema tu, "Kaka, kesho kaa kitini." Maneno manne. Ningekaa. Ramani zingengoja wiki moja, zilikuwa zimengoja miaka arobaini.

Mimi ningesamehe hesabu. Lakini ulikula.

Karani Mkuu wa Masijala

*

Nyumbani, 30 Juni

Kaka,

Sitajitetea. Nitakwambia tu ilivyokuwa, halafu uihifadhi unapotaka.

Ghorofa ya pili niliichukua mwenyewe kwa sababu mhesabu wake aliugua siku ya kwanza. Nilifika mlangoni kwako saa nne kamili. Chai uliyowekewa na mhudumu ilikuwa inatoa moshi. Miwani yako ya pili ilikuwa juu ya faili lililo wazi. Nilijua uko wapi, nilijua nani kakutuma. Mlinzi alikuwa nyuma yangu na ubao wake, naye pia anahesabu ili kuhakiki, na kila mtu katika jengo lile anajua wewe ni kaka yangu. Katika chumba kilichotangulia chako nilikuwa nimelikataa koti la mkubwa wa idara, kwa sauti, watu wakisikia. Nikatazama chai yako. Nikaandika sifuri.

Nilijiambia ni ya leo tu, kesho utakuwepo. Kesho hukuwepo. Ningeandika nini, "yuko chini, namtuma mimi, bila kibali"? Jumapili nilikuja kukwambia. Kaka, naapa, nilikuja kwa hilo. Ila wahesabu wote tulikuwa tumeapa kutomwambia mtu, na mimi ndiye niliyewaapisha. Nilipoketi wifi akaniwekea sahani, wewe ukaanza kunieleza sanduku gani umefikia, unakohoa na unacheka, na nikaogopa. Niliogopa ukiacha ramani kazi itachelewa kuanza. Hilo ndilo. Nilihitaji ramani kuliko nilivyohitaji wewe ukae. Halafu nikauliza kama huwezi kuharakisha.

Novemba kamati iliposoma majina, mwenyekiti alifika kwako akasema, "Huyu si kaka yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na hukumwongezea hata moja." Wakanipigia makofi. Nami nilisimama nikayapokea.

Nimeomba kikao cha marekebisho. Wamesema betri zimeshafungwa.

Nielekeze nifanye nini. Nipe amri yoyote.

Mdogo wako

*

Ghalani, 16 Julai

Mdogo wangu,

Umeomba amri, wewe uliyetuamrisha sote tangu ulipojua kusimama. Haya.

Jumapili usiende nyumbani kwangu tena. Hakuna mtu. Nilichukua ruhusa ya siku tatu nikamfuata wifi yako, tumekuja naye na dereva, kaketi mbele. Alipoondoka alipita akigusa kila kitu: mlango, ndoo, msumari wa ufunguo. Huku anajifunza upya. Siku ya kwanza aligonga paji la uso kwenye rafu ya mwaka wa tisa. Siku ya pili akagonga palepale. Sasa nimefunga kamba kutoka kitandani mpaka mlangoni, anaifuata kwa mkono, na anasema kumbe ile methali ya kuku ilikuwa yake. Pazia amekuja nalo. Ghala halina dirisha, tumelitundika kuzuia tundu namba mbili la paa, mvua ikinyesha linadondosha maji ya buluu. Matone ya macho namtia mimi.

Anakusalimu. Hajui kuhusu sifuri. Sijamwambia, na wewe usimwambie, si kwa ajili yako. Anakupenda, na hana vitu vingi vilivyobaki vya kutazama.

Karatasi zako sikuzichana. Mimi si mtu wa kuchana. Zimo sanduku la tisa, na daftari la funguo nimeliweka sanduku hilohilo, juu yake. Siku moja, sisi wote tukiwa hatupo, karani mwingine atalifungua, na akiwa anaijua kazi yake atavilaza pamoja.

Nasikia mwezi ujao ndio ufunguzi, wakubwa watatembezwa ghorofa kwa ghorofa, na wewe ndiye utakayetangulia. Katika mfuko huu kuna kifurushi. Kina koti, lile la siku uliyohitimu. Limepigwa pasi na wifi yako, ndiyo maana kola imeungua kidogo. Lipeleke ghorofa ya pili. Chagua kiti chochote ulichokigawa, ulitundike mgongoni mwake, uliache hapo.

Wakifika na kuuliza ni la nani, usione haya, jibu kama wanavyojibu siku zote. Sema yupo. Katumwa na mdogo wake, anarudi sasa hivi.

Kaka yako,
Mzee Vumbi